Marando Safi: Safari ya Mbegu ya Viazi Vitamu Kutoka Amani Hadi Uwanda wa Kati

Mvua za Dodoma huanza Desemba na kukatika Aprili. Kwa mwaka wa kawaida hunyesha kati ya milimita 550 na 600, kisha nchi hukaa miezi saba bila mvua ya maana. Mkulima wa mtama au uwele huvuka kiangazi hicho bila hofu ya mbegu, kwa kuwa punje zake zimekauka na ziko ghalani. Mkulima wa viazi vitamu hana ghala la mbegu. Mbegu yake ni marando, shina bichi lenye majani, nalo likikauka limekufa. Lazima liendelee kuishi mahali penye unyevu, kando ya korongo, karibu na kisima, nyuma ya bafu, tangu siku viazi vinapochimbwa hadi siku matuta mapya yanapolowa.

Kwa nini asipande mbegu ya ua kama wapandavyo wengine? Kiazi kitamu kinachanua na kinaweza kuzaa mbegu, lakini kina seti 6 za kromosomu na kwa kawaida mmea wake haujichavushi wenyewe. Mbegu inayotokana na ua lake hutoa mmea usiofanana na mama. Anayetaka kula tena kiazi alichokipenda mwaka jana hana njia ila kupanda kipande cha mmea uleule. Kwa hiyo kila aina inayojulikana kijijini ni mmea mmoja uliokatwa, ukapandwa na kukatwa tena kizazi baada ya kizazi, majirani wakiombana marando kama walivyoombana kaa la moto. Kwa njia hiyo utamu hurithiwa bila kubadilika. Kwa njia hiyohiyo ugonjwa nao hurithiwa, na hapo ndipo historia hii inapoanzia.

Kiazi kitamu asili yake ni Amerika. Kilifika Afrika baada ya Wareno kuanza kuvuka Atlantiki, kikaenea bara hatua kwa hatua kutoka mkono hadi mkono. Burton na Speke walipovuka Ugogo mwaka 1857 wakielekea Kazeh, karibu na Tabora ya leo, walikuta zao hili limekwisha kuwa la kawaida katika mashamba ya Wanyamwezi. Watu wa uwanda wa kati na wa Usukuma walikuwa wametafuta dawa ya udhaifu wake mkubwa, yaani kuoza upesi. Walikikata vipande kikiwa kibichi na kukianika kikawa michembe, au walikichemsha kwanza kisha wakakianika kikawa matobolwa. Kwa maarifa hayo chakula cha mwezi mmoja kilivuka mwaka mzima. Mbegu, hata hivyo, haikuwa na michembe yake.

Thamani ya chakula kinachovuka mwaka ilionekana kwa uchungu wakati wa njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakosekana, na homa ya mafua iliyoenea duniani ikapita juu ya miili iliyokwisha kudhoofika. Makadirio ya wakati ule yalisema watu 30,000 hivi walikufa Ugogo. Baada ya hapo serikali ya kikoloni ilisisitiza kwa amri mazao ya kuzuia njaa, muhogo na viazi vitamu yakiwa mbele. Amri hizo zilijali ukubwa wa shamba. Afya ya kile kilichopandwa ndani yake haikuulizwa, kwa sababu aliyekuwa akiifahamu karibu hakuwepo.

Wachache walioanza kuifahamu walikuwa Amani, katika milima ya Usambara. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo hapo mwaka 1902, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakakirithi. Mwaka 1928 akafika mtaalamu wa magonjwa ya mimea H. H. Storey. Alikuwa ametoka Afrika Kusini, ambako alithibitisha kwamba ugonjwa wa milia ya mahindi husambazwa na mdudu mdogo mrukaji. Huko Amani aliugeukia muhogo, na mwaka 1938 yeye na mwenzake Nichols walichapisha uchunguzi wao wa batobato, ugonjwa wa zao hilo. Maelezo ya jinsi ugonjwa huo unavyoenea yalikuja kuwa na hatua mbili: nzi weupe huupeleka kutoka mmea hadi mmea, na mkulima huupeleka kutoka shamba hadi shamba anapokata kipingili cha mmea mgonjwa. Zao lolote linalopandwa kwa shina lilikuwa katika hatari ileile.

Baada ya Vita Kuu ya Pili utafiti huo ulihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi, ili uhudumie Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Hapo mwanasayansi wa kike, F. M. L. Sheffield, alichukua marando yaliyodumaa, yenye majani madogo yaliyokunjamana na kupauka, akaanza kuyachunguza kwa subira. Mwaka 1957 alitangaza kwamba viazi vitamu vya Afrika Mashariki vina virusi vya aina mbili. Kimoja husambazwa na vidukari, kingine na nzi weupe. Ilipita miongo minne kabla maana kamili ya kuwepo kwa viwili kueleweka. Mwaka 1998 Richard Gibson na wenzake waliofanya kazi Uganda walionyesha kwamba ugonjwa ule mkali hutokea virusi hivyo vinapokutana ndani ya mmea mmoja. Mwaka 2000 Mganda Robert Karyeija na wenzake wakapima kinachotokea vikikutana: kile cha nzi weupe huvunja ulinzi wa mmea, na kile cha vidukari, ambacho peke yake hakidhuru sana, huongezeka mara 600 hivi. Mmea wa namna hiyo hupoteza zaidi ya nusu ya mavuno, na mara nyingine hauzai kitu.

Mkulima hakuwa na hadubini, lakini alikuwa na macho. Alijua kwamba aina iliyojaza kapu wakati wa baba yake sasa inatoa mizizi membamba, akasema mbegu imechoka. Akaitupa na kuomba nyingine kwa jirani. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayoua virusi ndani ya mmea ulio hai, na wakati Sheffield akiandika hakukuwa na maabara Afrika Mashariki iliyoweza kumrudishia mkulima huyo aina yake ikiwa nzima.

Njia ya kuirudisha ilikuwa ikitafutwa mbali, na ilianza na mtu aliyeshindwa. Mwaka 1902, mwaka uleule kituo cha Amani kilipoanzishwa, Gottlieb Haberlandt aliueleza mkutano wa wanasayansi mjini Vienna wazo lake kwamba seli moja ya mmea, ikipewa chakula kinachofaa, inapaswa kuweza kukua nje ya mwili wa mmea. Alizitenga seli za majani, akazilisha, zikaishi kwa muda, lakini hazikugawanyika. Miaka 32 baadaye, Mmarekani Philip White alifaulu kuzifanya ncha za mizizi ya nyanya zikue mfululizo ndani ya chupa. Mwaka 1939 Wafaransa Gautheret na Nobécourt, pamoja na White, wakaonyesha kwamba tishu za mmea zinaweza kulelewa bila kikomo.

Kilichobaki kilikuwa kuuunganisha ulezi huo na tatizo la virusi. Mwaka 1949 Wafaransa Limasset na Cornuet walipima virusi katika sehemu mbalimbali za mmea wa tumbaku wakaona jambo la ajabu: kadiri unavyokaribia ncha kabisa ya chipukizi, ndivyo virusi vinavyopungua. Ncha hiyo ni seli changa zinazogawanyika kwa kasi, na mishipa inayosafirisha maji, chakula na virusi bado haijaifikia. Georges Morel na Claude Martin wakachukua hatua iliyofuata. Mwaka 1952 walikata ncha za ua la dahlia lenye ugonjwa, wakazilea katika chupa, zikakua kuwa mimea mizima isiyo na virusi. Mwaka 1955 wakafanya hivyohivyo kwa viazi mviringo.

Mfano uliowashangaza wengi ulitoka Uingereza. Aina ya viazi mviringo iitwayo King Edward ilikuwa imependwa kwa zaidi ya miaka hamsini, na kila mmea wake uliowahi kupimwa ulikutwa na virusi vilevile. Haukuwepo mzima hata mmoja wa kuanzia mbegu mpya. Mwaka 1957 Basil Kassanis wa kituo cha Rothamsted alikata ncha zake na kuzilea, akapata King Edward safi. Aina iliyokuwa na ugonjwa kila mahali ilirudishwa katika uzima bila kubadilishwa kuwa kitu kingine. Mwaka 1960 Nielsen wa North Carolina akasafisha viazi vitamu kwa njia hiyo. Mwaka 1962 Toshio Murashige na mwalimu wake Folke Skoog, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, wakachapisha mchanganyiko wa chumvi na vitamini ambao mpaka leo ndio chakula cha miche katika maabara nyingi duniani. Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilipofunguliwa Lima, Peru, mwaka 1971, kazi hiyo ilipata makao: aina kutoka nchi nyingi zilianza kuhifadhiwa na kusafirishwa zikiwa ndani ya chupa, bila udongo, bila wadudu, bila ugonjwa.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Mmea wa aina inayotakiwa huwekwa kwanza wiki kadhaa katika joto la nyuzi 36 hadi 38, joto linalozuia virusi kuongezeka. Chipukizi husafishwa kwa dawa ya klorini. Kisha fundi, akiwa mbele ya kabati linalopuliza hewa iliyochujwa, hukata chini ya hadubini ncha isiyofika nusu milimita. Akikata kubwa zaidi anachukua virusi pamoja nayo, na akikata ndogo kupita kiasi haikui. Ncha huwekwa juu ya agari iliyochanganywa na sukari, chumvi za Murashige na Skoog, vitamini na homoni kidogo, ikiwa imechemshwa kwa mvuke wa nyuzi 121 ili kisibaki kidudu chochote. Chupa hukaa chini ya taa saa 16 kwa siku, katika joto la nyuzi 25 hadi 28. Hupita miezi kabla mche kamili haujaonekana.

Hata hapo mche hauaminiwi bado. Huunganishwa na mmea wa porini wa jamii ya kiazi kitamu, uitwao kwa jina la kisayansi Ipomoea setosa, ambao ni mwepesi mno wa kuugua. Kama kuna virusi vilivyosalia, majani ya mmea huo huonyesha madoa ndani ya wiki chache. Vipimo vya kemikali na vya vinasaba hufuata. Mche uliofaulu ndio unaoongezwa: kila baada ya wiki 4 hadi 6 hukatwa vipande vya pingili moja moja, na kila pingili huwa mche mpya. Mche mmoja ukitoa vipande 4 katika kila mzunguko, baada ya mizunguko 6 umekuwa miche 4,096. Mwisho, miche hutolewa chupani na kuzoeshwa taratibu udongo, upepo na jua ndani ya nyumba ya wavu.

Ni vizuri kulisema waziwazi, maana minong'ono ni mingi. Katika kazi hii yote hakuna kinasaba kilichoongezwa wala kuondolewa. Mche wa tishu ni aina ileile aliyoilima bibi, iliyotolewa ugonjwa.

Afrika Mashariki ilikuwa na mahali pa kuanzia, lakini siasa iliukata mnyororo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, vituo vilivyokuwa vya wote viligawanywa kwa kufuata mipaka. Muguga na karantini yake ya mimea ikabaki Kenya. Leo iko chini ya taasisi ya Kenya ya afya ya mimea, KEPHIS, na imerudi kwa mlango mwingine kuwahudumia majirani: huko ndiko aina nyingi za viazi vitamu za ukanda huu zimesafishwa na kutumwa zikiwa chupani. Tanzania ilijenga uwezo wake taratibu. Kituo cha Mikocheni, Dar es Salaam, kilichotokana na mradi wa minazi uliosaidiwa na Ujerumani, kilifanywa taasisi ya utafiti mwaka 1996 na kikapewa kazi ya bayoteknolojia ya kilimo. Wanasayansi wake Fred Tairo na Alois Kullaya, wakishirikiana na Jari Valkonen, walitangaza mwaka 2004 matokeo ya kupima viazi vitamu vya mashamba ya Tanzania. Virusi vyote viwili vilikuwamo.

Wakati huo zao lenyewe lilikuwa limepata sababu mpya ya kulindwa. Viazi lishe, vyenye nyama ya rangi ya chungwa na vitamini A kwa wingi, vilikuwa vikienezwa ili kupunguza upofu na vifo vya watoto. Uganda ilitoa rasmi aina za Ejumula na Kakamega mwaka 2004, kisha Kabode mwaka 2007, na nchini Tanzania kituo cha utafiti cha Kibaha kikatoa Mataya. Mwaka 2016 Mganda Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi hiyo na ya kurutubisha mazao. Lakini Ejumula, pamoja na utamu na rangi yake, hushikwa na virusi upesi. Kugawa aina bora bila mpango wa kuitunza ikiwa safi ni kugawa mavuno ya misimu michache.

Kati ya 2009 na 2012 mradi wa Marando Bora ulijaribu jibu katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Marando yaliyoanzia kwenye mbegu safi yalipelekwa kwa wazalishaji wa vijijini wenye mashamba karibu na maji, nao wakayazidisha na kuwapa majirani kwa hati maalumu za malipo. Baadaye watafiti katika kanda hiyo walijaribu vibanda vidogo vya wavu usiopitisha wadudu, wakaona kwamba marando yaliyokaa ndani hubaki na afya muda mrefu kuliko yaliyo nje. Nchini Kenya, Kwame Ogero na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walionyesha mwaka 2012 kwamba gharama ya maabara nayo inaweza kushuka: mbolea ya majani inayouzwa madukani ilitumika badala ya chumvi za bei ghali katika chakula cha miche.

Kanda ya Ziwa ina misimu miwili ya mvua, na ziwa liko karibu. Uwanda wa kati una msimu mmoja na miezi saba ya ukame, kwa hiyo hatua iliyotosha Mwanza haitoshi Dodoma. Hapa marando yanayosalia Novemba huwa machache, na yale yaliyosalia kwenye unyevu wa korongo ndiyo nzi weupe na vidukari wanayoyakimbilia, kwa sababu hakuna kijani kingine. Kiangazi huua mengi na kuambukiza yaliyobaki. Mvua ikinyesha, mkulima hukata anachokipata, na mwezi mzima wa msimu huo mfupi wa mvua hupotea akingoja marando yarefuke.

Kwa nchi za namna hii kuna njia iliyofanyiwa kazi Uganda na kina Sam Namanda na Richard Gibson. Viazi vidogo vizima huchaguliwa wakati wa kuvuna, kutoka mashina yasiyo na dalili za ugonjwa, na kulazwa katika mchanga mkavu ndani ya nyumba. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua hupandwa kwenye kitalu na kumwagiwa maji, vikatoa marando mengi kwa wakati. Dodoma hiyo ina maana ya kuanza kumwagilia katikati ya Oktoba, na maji ya ndoo yanatosha, kwa kuwa kitalu ni kidogo. Njia hii inatatua ukame. Haitatui ugonjwa, kwa sababu kiazi cha mmea mgonjwa huchipua marando yenye ugonjwa. Maabara nayo inatatua ugonjwa na haitatui ukame. Uwanda wa kati unahitaji vyote viwili, na vikutane mikononi mwa mkulima mmoja.

Mahitaji yapo. Gairo, kwenye ukingo wa mashariki wa uwanda huu, viazi vitamu vimepangwa kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro na kufungwa katika magunia ya lumbesa kwa ajili ya Dar es Salaam. Jiji la Dodoma lenyewe limekua haraka tangu serikali ilipohamia, na walaji wako mlangoni. Taasisi zipo pia. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ina makao yake makuu Makutupora, nje kidogo ya jiji, katika eneo linalojulikana kwa utafiti wa zabibu, zao jingine linalopandwa kwa vipande vya shina. Sheria ya mbegu inaruhusu wakulima kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora chini ya ukaguzi wa TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na daraja hilo linamfaa mzalishaji wa marando wa kijijini.

Kinachokosekana ni kiungo cha mwisho. Ncha ya chipukizi hukatwa Mikocheni au Muguga, mbali na matuta ya Kongwa, Chamwino na Bahi. Kila wilaya ya uwanda wa kati iwe na nyumba ya wavu walau moja karibu na kisima kisichokauka, ipokee miche ya tishu kila mwaka, na iwauzie wazalishaji wa vijijini kwa bei inayolipika. Halmashauri zinazotenga fedha za kisima zitenge pia za wavu. Wewe mkulima unayesoma, ng'oa shina lenye majani yaliyokunjamana kabla hujalikata mbegu, hifadhi viazi vyako bora mchangani, na ubadilishe marando kila misimu miwili au mitatu kwa yaliyokaguliwa. Sayansi imefanya sehemu yake kwa zaidi ya miaka mia. Kazi iliyobaki ni ya maji, wavu na bajeti, na kazi hiyo iko ndani ya uwezo wetu.